Mikono ya Kushoto

Muulize yeyote aliyewahi kushonewa nguo na Fundi, atakuambia jambo moja: mwanamke yule hajapata kumkabidhi mteja nguo nusu. Gauni lilitoka mikononi mwake limekamilika, lina pindo, lina vifungo, na umbea wa mtaa mzima umeshonewa ndani yake. Sasa yuko ugenini wiki ya tatu, na tangu aanze kazi hajashona hata nguo moja nzima. Kazi aliyopewa kiwandani ni kupachika mikono ya mashati. Tena mikono ya kushoto tu. Ya kulia inapachikwa na mama mwingine ng'ambo ya meza, ambaye Fundi hajui hata anaitwa nani, kwa sababu ukumbi mzima watu wanakaa kimya kama wako kwenye mtihani.

"Siku nikirudi nyumbani wataniuliza, haya, huko ulikuwa unashona nini?" alimwambia mumewe asubuhi moja. "Niwajibu mikono ya kushoto? Watasema nimerogwa."

"Waambie unashona mashati."

"Nitakuwa mwongo. Shati lenyewe sijaliona likiisha."

Walikuwa watatu jikoni, kwenye meza ya watu wawili. Wa tatu alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye mkataba wa pango. Huyu alikuwa anatimiza mwaka wa kumi na moja katika nchi ile, na kanuni zake alizijua kuliko wenyeji. Kaka yake alimpa jina la Bi Kanuni, ila hakuthubutu kulitamka mbele yake, maana yeye na mkewe walikuwa wanalala sebuleni kwake.

"Wifi," Bi Kanuni alisema huku akifunga kifuniko cha chakula chake cha mchana, "jana umesalimia tena watu kwenye ngazi."

"Ni kosa?"

"Si kosa. Mara moja inatosha. Wewe unauliza habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi, mpaka za mbwa. Yule mzee wa ghorofa ya pili amekuja kuniuliza kama una shida."

"Kumbe anasema? Mimi nilidhani bubu, nikawa namhurumia."

Mumewe alichekea ndani ya kikombe. Bi Kanuni hakucheka, lakini midomo yake ilifanya kazi kubwa kujizuia.

Sikufichi, mambo yaliyomshangaza Fundi yalikuwa mengi. Jua la huko lilimshinda: linawaka, unalitazama, unatoka bila koti, linakucheka. Mbwa wamevaa sweta. Watoto wanapita katikati ya wakubwa kama wanapita katikati ya nguzo, na hakuna anayewaita warudi waamkie. Chumba cha kufulia kiko chini ya jengo, kina karatasi ukutani yenye majina na saa, na ukichelewa dakika kumi unakuta nguo zako zimetolewa, zimekunjwa vizuri kabisa, zimewekwa sakafuni. Hilo la kukunjwa ndilo lililomuuma. Angetukanwa angejibu. Sasa mtu aliyekukunjia nguo zako utamgombeza vipi?

Siku ya nne tangu afike aliishiwa na chumvi. Akafanya kama anavyofanya kila mwanadamu: akachukua kijiko, akabisha kwa jirani. Jirani alifungua mlango upana wa uso, akatazama kijiko, akatazama Fundi, akaenda akarudi na pakiti nzima ya chumvi, haijafunguliwa, akampa na kufunga. Hakumwambia karibu, hakumuuliza mgeni wa wapi. Fundi alisimama na pakiti yake kwenye korido akahisi amepewa sadaka.

"Ungemrudishia kijiko kimoja kimoja," mumewe alimtania, "mpaka mzoeane."

Hayo yote Fundi aliyameza, na aliyameza kwa sababu. Binti yao wa miaka tisa, waliyemwita Kasuku kwa maneno yake mengi, alikuwa bado nyumbani kwa bibi yake. Idara ya wageni ilisema mtoto ataruhusiwa kuja mmoja wa wazazi akipata mkataba wa kudumu wa kazi. Mumewe alikuwa anaosha mabasi kama kibarua, leo yupo kesho hayupo. Mkataba ulibaki juu ya Fundi. Kiwanda kilimpa miezi mitatu ya majaribio. Akimaliza vizuri, atatia saini, na Kasuku atakuja kabla shule hazijafunguliwa. Bi Kanuni, ambaye alifanya kazi idara ya pasi katika kiwanda kile kile, ndiye aliyemdhamini kwa mdomo wake. Kwa hiyo kila asubuhi Fundi alipopanda ngazi za kiwanda alijiambia maneno yale yale: mkono wa kushoto, mwanangu, mkono wa kushoto, mwanangu.

*

Jumanne, baada ya mapumziko ya mchana, aliletewa bunda la vipande arobaini vya mikono. Yalikuwa mashati ya wapagazi, kitambaa cha buluu kizito, mikono mifupi. Fundi alikigusa kipande cha kwanza kwa kidole gumba akajua. Hakuhitaji kipimo. Sehemu ya kwapani ilikuwa imeliwa, imepungua upana wa kidole. Akakitazama cha pili, cha tatu, akachambua bunda zima. Vyote vivyo hivyo.

Mkataji alikuwa mwanamume mrefu aliyesimama mwisho wa ukumbi, anakata kitambaa tabaka hamsini kwa mpigo kwa kisu cha umeme. Bila shaka karatasi ya kielelezo ilimteleza. Mkono huu ukipachikwa kama ulivyo, utaingia kwa kuvutwa, na mpagazi wa watu akiinua tu sanduku kulipandisha juu, kwapa litaachia.

Hapo ndipo ilipoingia elimu ya Fundi, na hapo ndipo elimu ilipomponza. Yule bibi aliyemfundisha cherehani alimkataza mambo mawili: kula juu ya kitambaa, na kumwonyesha mteja kosa. Mteja akijua kuna kosa, hata ukilirekebisha namna gani, kila akivaa ataliona. Kosa la fundi hufia kwenye mshono. Ukiunguza, unaweka ua. Ukikata fupi, unaongeza pindo na kusema ndiyo mtindo. Fundi aliishi kwa elimu hiyo miaka kumi na saba, na hakuna bibi harusi aliyewahi kujua.

Juu ya kila cherehani pale kiwandani palikuwa na taa ndogo yenye kamba. Ukivuta, inawaka nyekundu, na Msimamizi anakuja. Bi Kanuni alimwambia siku ya kwanza: ukipata tatizo, vuta. Lakini Fundi alikuwa na macho. Kila taa ilipowaka aliona shingo zikigeuka, akaona Msimamizi akiandika kwenye daftari lake, na moyoni akaapa kwamba taa yake itazeeka haijawaka. Tena kulikuwa na jambo lingine. Mkataji ndiye mtu pekee katika ukumbi ule aliyemsalimia kila asubuhi bila kuanzwa. Angempigia taa mtu kama huyo?

Akavuta sanduku la masalio lililokuwa chini ya meza. Akachagua vipande vya buluu ile ile. Akatoa mkasi wake mwenyewe mfukoni, akakata vipande vidogo vyenye pembe nne, mfano wa kashata, akapachika kimoja kimoja kwapani, mshono juu ya mshono, safi hata ukipitisha ulimi. Alifanya kazi kwa raha ambayo hakuwa ameipata tangu ashuke kwenye ndege. Hatimaye alikuwa anashona. Kengele ya kutoka ilipolia alikuwa amemaliza mashati thelathini na sita. Kwa kawaida, muda kama ule, angekuwa amepachika zaidi ya mia. Mezani nyuma yake akina mama wawili walikaa mikono mitupu tangu saa tisa. Fundi alidhani wanapumzika, akawatabasamia.

*

Asubuhi alikuta shati moja limetundikwa kwenye hanga katikati ya ukumbi, limegeuzwa ndani nje. Kwapa la kulia tambarare, kwapa la kushoto lina kipande. Lilikuwa kama mtu aliyeota jipu upande mmoja.

Msimamizi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, na hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililomtisha Fundi. Kwao, anayekugombeza kwa kelele anataka muendelee kuishi. Anayekusemesha polepole ameshaamua. Bi Kanuni aliitwa kutoka kwenye pasi zake, akaja anafuta jasho, akasikiliza, na uso ukamshuka.

"Anasema," alitafsiri bila kumtazama Fundi, "mashati haya hayauzwi. Hayafanani na yaliyoagizwa. Anasema umesimamisha watu wawili kazi kwa saa kadhaa. Alhamisi saa nne uende ofisini, uamuzi utatolewa. Mpaka hapo usiguse cherehani."

"Nifanye nini sasa mpaka Alhamisi?"

Bi Kanuni aliuliza. Msimamizi alionyesha kwa kalamu. Kwenye kona palikuwa na fagio.

Basi Jumatano nzima Fundi alifagia nyuzi. Alipita chini ya meza za wanawake aliokaa nao sambamba jana, nao wakawa wanainua miguu apite, mmoja baada ya mwingine, bila kuacha kushona. Yule mama wa mikono ya kulia aliinua miguu akasema neno la kuomba radhi, na Fundi akatamani asingesema. Alipofika meza ya kukatia, Mkataji alimsalimia kama kawaida. Hakuonekana kama mtu anayejua lolote. Fundi akamwitikia, akafagia kuzunguka viatu vyake, akaendelea.

*

Jioni nyumbani hapakukalika. Mumewe alirudi na harufu ya sabuni ya mabasi, akakuta wanawake wawili wamekaa na chakula hakijaguswa, akajua hata kabla hajaambiwa.

"Miaka kumi na mmoja," Bi Kanuni alisema. "Miaka kumi na mmoja sijawahi kuitwa mbele za watu. Leo nimeitwa. Nilisimama pale nikatafsiri aibu yangu mwenyewe kwa mdomo wangu."

"Wifi, nilitengeneza. Yalikuwa yamekatwa vibaya."

"Nani alikutuma utengeneze? Ukiona kosa unavuta kamba, unakaa, unakunja mikono. Mtoto mdogo anaweza."

"Mimi si mtoto mdogo."

"Ndiyo tatizo lako."

Mumewe alivuta kiti, kikagonga mlango wa jokofu, maana jiko lile hata kukasirika lilitaka mpangilio. "Tuacheni ya jana. Tuzungumze ya kesho. Mke wangu, kesho unaingia, unainamisha kichwa, unaomba msamaha. Na chozi likija, usilizuie."

"Nilie?"

"Kidogo. Si la msibani. La kawaida."

"Machozi huku hayanunuliwi," Bi Kanuni alimkata. "Wanakuletea karatasi laini, unajifuta, wanaendelea pale pale. Nisikilizeni mimi. Kuna njia mbili. Ya kwanza, aseme Mkataji ndiye aliyeharibu, na ndivyo ilivyo. Kadi ya bunda ina namba yake."

Fundi alitikisa kichwa. "Yule hapana."

"Kwani yule ni mjomba wako?"

"Ananisalimia."

Bi Kanuni alimtazama kaka yake, kama kumwuliza huyu ulimtoa wapi. "Haya. Ya pili, aseme hakujua. Mgeni, lugha hajui, kazi ya kiwandani hajui. Mtu asiyejua wanamwonea huruma. Wanampeleka kufunga maboksi, huko hakuna cha kuharibu, miezi mitatu inakwisha, mkataba unatoka, mtoto anakuja. Wifi, mtoto anakuja. Kinachokuuma ni nini?"

 Fundi alikuwa anazitazama ncha za vidole vyake, pale sindano ilipompiga miaka mingi mpaka ngozi ikakomaa.

"Kinachoniuma," alisema, "ni kwamba mshono ule ni mzuri."

*

Alhamisi saa nne. Ofisi ilikuwa ya vioo, ukiwa ndani unaonekana na ukumbi mzima. Mezani pamekaa Msimamizi na mkubwa wake, bwana mmoja mnene aliyekuwa na mafua, boksi la karatasi laini limewekwa karibu. Fundi aliliona akakumbuka maneno ya wifi yake, akakaza uso.

Msimamizi alieleza. Bi Kanuni alijibu, kwa lugha ya wenyeji, kwa sauti tamu ambayo Fundi hakuwahi kuisikia ikitoka kwake. Maneno mengi yalimpita. Lakini kuna neno moja la lugha ile alilolifahamu kuliko yote, kwa kuwa ndilo alilolitumia zaidi tangu afike: dukani, kwenye kituo, kwa daktari. Neno la kutojua. Bi Kanuni alilisema mara moja, akalirudia, na mara ya tatu akalisema huku akionyesha cherehani zilizoko nje ya kioo. Yule bwana akatikisa kichwa kwa huruma, akamtazama Fundi kama mtu anavyomtazama paka aliyelowa.

"Wifi," Fundi alisema polepole, "umewaambia sijui kushona?"

"Nyamaza, inakwenda vizuri."

"Umewaambia sijui kushona."

"Nimekwambia nyamaza. Wameshasema maboksi. Shukuru, tutoke."

Hapo Fundi angeweza kunyamaza. Maboksi yalikuwa mezani, ameshapewa. Aliona kabisa njia ilivyo fupi: aitikie kwa kichwa, atoke, na baada ya miezi michache awe uwanja wa ndege anampokea Kasuku. Aliiona, akaitazama vizuri. Kisha akasimama.

"Waambie naomba cherehani. Dakika mbili."

"Wifi, usinitie—"

"Waambie, au niwaambie mimi kwa mikono."

Na kwa kuwa Bi Kanuni alikawia, Fundi akatumia mikono. Akamwonyesha Msimamizi shati lililokuwa kwenye hanga, akajionyesha mwenyewe, akaonyesha cherehani yake ng'ambo ya kioo, akainua vidole viwili. Msimamizi alivua miwani yake, ikaning'inia kwa kamba. Akamtazama mkubwa wake. Bwana wa mafua akafungua mikono, kama kusema dakika mbili si nyingi.

Katika bunda lile vilibaki vipande vinne. Fundi alikaa kwenye cherehani yake, akachukua shati lisilo na mkono wa kushoto, akapachika kipande kama kilivyokatwa, bila kuongeza kitu. Alishona kama walivyotaka, mstari ule ule, uzi ule ule. Ukumbi mzima uliacha kushona. Kwa mara ya kwanza Fundi alisikia kimya cha kweli cha pale, akagundua kuwa siku zote kulikuwa na kelele.

Shati lilikuwa kubwa, la mtu mrefu, na Fundi akaonyesha kwa ishara kwamba livaliwe. Msimamizi alitazama huku na huku, akamwita aliye mrefu kuliko wote. Mkataji.

Fundi akainua mkono kukataa. Hakutaka awe yeye. Lakini Mkataji alishakuja, akavua sweta lake, akavaa shati juu ya fulana, akafunga vifungo viwili. Msimamizi akamwonyesha rafu ya juu, penye mitumba ya kitambaa: ainue mmoja. Mkataji akainua mikono.

Lilichanika taratibu, kwa sauti ndefu, kuanzia kwapani kushuka ubavuni. Mtu mmoja huko nyuma akacheka akajikohoza. Fundi akachukua shati lile lenye kipande, akampa. Mkataji akavaa, akainua mtumba, akauweka, akainua tena, akageuka upande huu na huu. Kwapa likatulia.

Kisha Mkataji akaliokota lile lililochanika, akaligeuza, akapima mkono kwa vidole vyake mwenyewe. Akasema jambo kwa Msimamizi. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa.

"Anasema nini?" Fundi alinong'ona.

Bi Kanuni akamwinamia sikioni. "Anasema, hii nimekata mimi. Karatasi ilisogea."

Msimamizi akaandika. Mkataji akavaa sweta lake, akarudi kwenye meza yake, na kabla hajafika alishaanza kupiga mluzi. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Fundi alibaki na mdomo wazi. Mtu mzima ametaja kosa lake mbele ya ukumbi mzima, halafu anapiga mluzi. Katika yote aliyoyaona katika nchi ile, mbwa wa sweta na jua la uongo, hakuna lililomshangaza kama hilo.

Walirudi ofisini. Msimamizi alizungumza muda mrefu, safari hii akimtazama Fundi badala ya mtafsiri.

"Anasema mshono ni mzuri," Bi Kanuni alitafsiri, na sauti yake ilikuwa imepoteza ule utamu. "Anasema anaona wewe ni fundi, tena fundi wa siku nyingi. Hakupeleki kwenye maboksi." Akamgeukia Msimamizi, kisha akaendelea. "Lakini anasema uliona kosa ukalificha. Kama ungevuta taa, wangekata upya kwa nusu saa. Anasema wanaojua kama wewe ndio anaowaogopa, kwa sababu kosa la asiyejua yeye analiona. Lako angeliona mteja akifumua."

"Uamuzi ni nini?"

"Utafumua mashati yote thelathini na sita, baada ya saa za kazi. Mkataji atakata mikono mipya, utapachika." Bi Kanuni akashusha macho. "Na majaribio yanaanza upya. Miezi mitatu, kuanzia kesho."

Fundi alihesabu kwa vidole chini ya meza. Vidole vilipita mwezi wa kufunguliwa shule, vikaendelea mbele. Boksi la karatasi laini lilikuwa pale pale. Hakuligusa.

"Mwambie nimekubali," alisema. "Na umwambie nilichokosea nimekielewa. Usiongeze, usipunguze."

Bi Kanuni akatafsiri. Nje ya kioo, akiwa tayari amefungua mlango wa kurudi kwenye pasi zake, alisimama.

"Ungechukua maboksi, mjinga wewe," alisema. Halafu akanyoosha kola ya Fundi, ambayo haikuwa imepinda. "Nitabaki na wewe jioni. Mimi nashika, wewe unakata nyuzi. Peke yako utamaliza lini?"

*

Jumapili walimpigia simu Kasuku. Mumewe alikaa karibu, akamtolea mkewe ishara ya mkono: mwambie karibuni, karibuni tu, mtoto ataelewa nini. Kidole cha shahada cha Fundi kilikuwa kimechubuka kwa wembe wa kufumulia. Mashati kumi na nne yalikuwa tayari, yamebaki ishirini na mawili.

"Mama, ni tarehe ngapi?" Kasuku alianza hata kabla ya shikamoo. "Bibi anasema nisiulize lakini nauliza. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza. Tarehe imesogea."

"Imesogea mbele au nyuma?"

"Mbali. Shule zitafunguliwa ukiwa huko huko. Nilikosea kazini. Niliona kitu kibaya nikakificha, wakakiona. Wameniambia nianze upya."

Mumewe alifunga macho. Upande wa pili palikuwa kimya, na Kasuku kunyamaza lilikuwa jambo la kumshtua yeyote anayemfahamu.

"Lakini nimeshaaga," sauti ndogo ilisema.

"Umemuaga nani?"

"Darasa zima, siku ya kufunga shule. Mwalimu aliniweka mbele, wakaniimbia. Kuna waliolia. Na nimegawa rula yangu, na nafasi yangu ya dirishani nimempa mwingine." Akavuta pumzi kwa pua. "Shule zikifunguliwa nitaingiaje?"

Bi Kanuni, aliyekuwa anajifanya anaosha vyombo, alifunga bomba ili asikie.

"Kwa mlango," Fundi alisema. "Utaingia, utatafuta nafasi nyingine, utakaa. Wakikuuliza, waambie mama yangu alikosea kazi, anairudia."

"Niseme umekosea?"

"Sema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Sema kama unavyotaja saa, halafu fungua daftari. Watacheka siku moja. Siku ya pili watakuwa na mengine."

Kasuku alifikiri. Ungeweza kumsikia akifikiri.

"Na rula?"

"Rula usidai. Uliyempa ni yake. Bibi atakununulia nyingine."

"Sawa." Akashusha sauti. "Mama, na wewe usikosee tena."

"Nikikosea," Fundi alisema, "nitakupigia siku hiyo hiyo."